Kamata Mutoto

Mtu hukijua kikohozi chake hata gizani. Kicheko chake hakijui. Apolline alikuwa amefikisha miaka sitini na mitatu, ana mjukuu mwenye ndevu, na hakuwahi hata siku moja kukisikia kicheko chake mwenyewe, mpaka Jumanne ile sokoni pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alipokuwa ameinama kwenye turubai la muuza muhogo mkavu, akivunja kipande na kukinusa kama kimeshika ukungu.

Kicheko kilitoka nyuma yake, kwa chini, usawa wa mfuko wa suruali. Kilianza kwa kwikwi mbili, kikapanda, kikaishia na mluzi mwembamba, ule upepo unaopita kwenye pengo la meno mawili ya mbele. Apolline alijiziba mdomo kwa kiganja. Mdomo ulikuwa umefungwa. Kicheko kikaendelea.

Akageuka. Mwanamume mmoja wa mji wa jirani wa Endiinzi, wa wale wanaoleta maziwa kwa pikipiki, alikuwa ameegemea madumu yake matupu, anatazama simu, mabega yanamtikisika.

"Nionyeshe," Apolline akamwambia.

"Nyabo, mama, kuja uone." Mtu wa Endiinzi hakuwa mchoyo. "Hii mzee itaniua mimi."

Kwenye kioo cha simu alikuwa Baudouin, mume wa Apolline. Amevaa sufuria kichwani, ile yenye masikio mawili wanayopikia maharage. Amekumbatia godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kamba, anakimbia kati ya matuta nyuma ya nyumba, na miguu yake myembamba inarusha udongo kama ya kuku anayetafuta mchwa. Mtu alikuwa amemchorea nyota za cheo mabegani, na ndani ya video king'ora cha polisi kinalia. Mzee akafungua mdomo, akapaza sauti: "Kamata mutoto! Kamata mutoto!" Na papo hapo, kile kicheko cha mwanamke mwenye pengo.

"Umesikia?" mtu wa maziwa akafuta machozi. "Anaambia polisi wakamate mtoto! Mtoto mdogo ameiba nini sasa? Maziwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kwa Wakongo wa Kivu kamata ni neno la nyumbani: kamata kikombe, kamata mkono wangu, kamata mtoto nifunge kitenge vizuri. Lakini Uganda Kiswahili kilikuja na buti. Ni lugha ya askari na polisi, na huko kamata ni pingu. Kwa hiyo watu laki tatu, kama ilivyoandikwa pale chini, walikuwa wamemwona mzee mwenye kofia ya chuma akitoa amri mtoto mchanga atiwe ndani.

"Ni bwana yangu," Apolline akasema.

Mtu wa maziwa alimtazama usoni, akatazama simu, akamtazama tena. Halafu akabana visigino, akapiga saluti. "Mke wa Afande!"

Soko likacheka. Apolline akaondoka, na muhogo aliokwisha kuuchagua ukabaki juu ya turubai.

Njiani hakufikiria saluti wala nyota. Alifikiria jambo moja tu, akalisema kwa sauti hadi mwanamke aliyekuwa mbele yake na kuni akageuka: "Ile fasi sikucheka."

Maana kucheka alicheka, hilo hakulikataa, lakini si mahali pale. Ilikuwa wiki ya Pasaka. Grégoire, mjukuu wake, mtoto wa binti yake Chantal aliyeolewa kambi ya jirani, Oruchinga, alikuwa amekuja kutoka Mbarara kuwasalimia. Grégoire ana miaka ishirini. Mbarara anatengeneza simu za watu katika kibanda cha nyuma ya soko, na akimaliza anatengeneza vichekesho vya mtandaoni kwa jina la Gré wa Kambi.

Kule kwao milimani Fizi, mjukuu na babu ni watani. Kwa Wakongo bibi ni mke, na nyanya huitwa koko. Basi Grégoire tangu ajue kusema alimwita Apolline "bibi yangu", na babu yake "ule muzee mwenye aliniibiaka bibi". Apolline naye alimwita "bwana yangu mudogo". Mjukuu anaweza kumwambia babu yake kwamba kaburi lake limeshachimbwa, liko na mlango na dirisha. Babu hakasiriki; anajibu, "Ingia weye kwanza, upime kitanda." Mtoto wa kuzaa akisema hivyo amejilaani. Lakini mjukuu asiposema, wazee huulizana kama anaumwa.

Akili ya Baudouin ilikuwa imeanza kutoka mwaka wa pili sasa. Haikutoka yote mara moja. Ilitoka kama maji kwenye mtungi wenye ufa: leo kasahau jina la padri, kesho kasahau kama amekula. Na mara mojamoja, mvua kubwa ikipiga mabati, au watu wakipiga kelele njiani, alikuwa anarudi kwenye vita walivyovikimbia kule Kongo. Ananyakua godoro, anakimbia. Akifika mwisho wa shamba anapoa, Apolline anamshika kiwiko, wanarudi kunywa uji.

Asubuhi ile ya Pasaka mvua ya mawe ilipiga. Baudouin akaruka kitandani, akachukua godoro, akachukua na sufuria, akaivaa. Sufuria ilikuwa na mchuzi wa maharage ya jana. Mchuzi ukamtiririka puani, na mzee, katikati ya vita, akatoa ulimi akaulamba. Hapo Apolline alishindwa. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Grégoire naye alicheka, simu mkononi. Halafu mzee akatokomea kwenye matuta, akapaza sauti ile ya kamata mutoto, na Apolline akaingia ndani akakaa chini, nyuma ya gunia la mahindi, mikono masikioni.

Sasa kicheko cha mlangoni kilikuwaje kikafika shambani? Hilo ndilo hakulielewa.

Baada ya Jumanne ile mambo yalikwenda mbio. Video ilikuwa imewafikia wenye pikipiki wa Base Camp, wanaokaa pale kituoni wakisubiri abiria, na mtu anayesubiri hupenda mchezo. Ikawa Baudouin akipita na fimbo yake, mmoja anaanza: "Afande!" Mwingine anamalizia: "Kamata mtoto!" Mzee alikuwa anasikia kilio chake mwenyewe kikitoka kinywani mwa watu wengine. Kwake haikuwa utani. Kwake ilikuwa watu wengi wanakimbia, na kila mmoja anaita mtoto wake. Alikuwa anatupa fimbo na kukimbia. Walimrekodi. Kila aliyemrekodi alitaka akimbie zaidi kuliko alivyokimbia kwa mwenzake.

Zamani alikimbia mara moja kwa mwezi. Sasa ikawa kila siku, na hakuishia tena mwisho wa shamba. Alikwenda hadi ziwani. Siku ya Jumapili mvuvi mmoja Mrundi, Nicodème, alimkuta katikati ya mafunjo, maji yakiwa kiunoni, mahali ambapo viboko hupita jioni kwenda kula. Alimtoa kwa kumbeba mgongoni.

"Mama Chantal," Nicodème akamwambia Apolline, huku anakamua shati, "leo nilikuwa karibu. Kesho nitakuwa na nyavu zangu ng'ambo. Huyu muzee atakufa na maji, nakwambia ukweli."

Mke wa Nicodème, Godeberthe, ndiye jirani wa Apolline, ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke wa misa ya alfajiri na wa kusema mambo yalivyo. "Mufunge," alisema. "Kamba ya mbuzi, mguu mumoja, kwenye kitanda. Mungu anaona, si dhambi."

"Huyu alinibeba mugongoni malaria ikiwa inaniua, kutoka mulimani mpaka kwa munganga. Nimufunge?"

"Basi umuzike, mwenzangu. Ni kimoja au kingine."

Apolline alifua shati la mumewe lililojaa tope, akaanika. Alhamisi alivaa kitenge cha kanisani, akamwachia Godeberthe mzee pamoja na dagaa na unga, akapanda taksi kwenda Mbarara.

*

Kibanda cha Grégoire kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani: meza, taa, bisibisi ndogo kama sindano, na simu za watu zimefunuliwa migongo kama samaki wa kukaushwa. Grégoire alipomwona aliruka.

"Bibi yangu! Umemuacha ule muzee? Hatimaye!"

Kwa mara ya kwanza Apolline hakuujibu utani wa mjukuu wake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mfuko wa magimbi chini, akasema, "Grégoire, ile kicheko yangu ulitoa wapi?"

Kijana alidhani amesifiwa. Akachukua simu, akaanza kueleza kwa furaha kama fundi anayeonyesha mlango alioutengeneza. Kicheko kilikuwa mwanzoni, alisema, mlangoni, lakini mwanzoni hakina nguvu. Kichekesho kina mahali pake pa kuangukia. Mzee akisema neno lake, lazima mtu acheke palepale, ili mtazamaji ajue hapo ndipo pa kucheka. "Basi nilikikata, koko, nikakihamisha. Tazama. Hapa alikuwa anasema, ni kimya tu, inaumiza roho. Hapa sasa na kicheko. Unaona? Bila weye, video haikukuwa kitu."

Akaicheza mara mbili. Bila kicheko: mzee anaita, na shamba linanyamaza. Na kicheko: mzee anaita, na mkewe anamcheka.

"Na zile nyota?"

"Ni batu ba Uganda ndio balianza. Baliandika ati huyu ni polisi, anataka bafunge mutoto. Mimi nikaona, eh, ni nzuri kuliko yangu! Nikaongeza nyota."

"Futa."

Grégoire akacheka kidogo, akamtazama, akaacha. "Koko, ni ya kuchekesha tu. Si tunamuchekaka nyumbani? Si weye ulinifundisha?"

"Futa, babu yako anaingia ziwani."

Alimweleza juu ya pikipiki na mafunjo. Grégoire alishtuka, lakini alikuwa na maneno yake tayari, ya mtu aliyeshatukanwa na watu asiowajua na kuwajibu. Alisema kambi nzima ni watu wa kukimbia. Alisema, "Tusipoicheka ile kitu, itatukula. Batu ba mashirika banatuwekaka kwenye picha tukilia, ili batuhurumie. Mimi nasema tucheke sisi wenyewe. Koko, weye mwenyewe unasimuliaka ule mutu alikimbia na jogoo akaacha makuta yake, pesa yote, kitandani!"

Ilikuwa kweli. Apolline aliisimulia hadithi ile kila mwaka, na kila mwaka watu walishika mbavu. Akaifikiria kidogo, mikono magotini, maana hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Ule mwenye jogoo," akasema, "anajisimuliaka yeye mwenyewe. Na jogoo ilifika."

"Sasa babu aliacha nini?"

Nje mtu alikuwa anapigia kelele nanasi. Apolline alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne juu ya goti, akamwambia jambo ambalo hata mama yake, Chantal, alikuwa hajaambiwa kamwe kwa ukamilifu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kupanda. Walikuwa shambani, ng'ambo ya kijito. Chantal alikuwa na miaka saba. Na kulikuwa na mtoto mwingine, Élyse, wa miezi minne, amelala juu ya kitenge kwenye kivuli cha muhogo, mwisho wa tuta. Risasi zilianza upande wa barabara. Baudouin alikimbia nyumbani kuchukua chochote, akachukua godoro na sufuria. Aliporudi, njia ilikuwa imejaa watu tayari, hakuweza kuvuka kijito. Akamwona mkewe kwa mbali, kati ya vichwa. Akapaza sauti: "Kamata mutoto!"

"Nami nilikuwa nimemushika mama yako mukono," Apolline akasema. "Hivi. Kwa nguvu mpaka alikuwa analia. Nikamujibu, 'Nimemukamata!' Akasikia. Akanionyesha mukono ati twende, tutakutana mbele. Tukaenda."

Walikutana kilima cha tatu, jua limepinduka. Baudouin aliweka godoro chini, akanyoosha mikono miwili, akasema, "Nipe sasa nimubebe." Apolline akamsukumia Chantal. Baudouin akabaki na mikono imenyooka vilevile, anamtazama mgongo, anatafuta kitenge mgongoni.

"Yeye alidhani ni mimi. Mimi nilidhani alipokimbia nyumbani, alipopita kwenye tuta, alimuchukua yeye. Mutoto alikuwa analala muzuri sana ule, hakuwa wa kulia. Angelia tungemusikia." Apolline alifungua kitambaa, akakikunja upya. "Babu yako alirudi kule baada ya siku mbili. Hakukuta hata kitenge. Hatukukaa kilio, sababu kilio inataka mwili. Na babu yako, Grégoire, miaka yote hii hajawahi kuniuliza. Hata siku moja. Hata akiwa amelewa. Sasa akili imetoka, ndio inauliza."

Grégoire alikuwa analia, kamasi na machozi, bila kujifuta. Mkono wake wa kulia ulitembea juu ya meza peke yake, ukaikuta simu, ukaisimamisha ikimwelekea.

"Koko," akasema, "sema tena. Pale mwanzo, pa kijito. Polepole. Batu bakisikia hii batajua. Batatuomba musamaha bote."

Apolline aliitazama ile simu. Hakupaza sauti.

"Batajua. Halafu kicheko utakiweka fasi gani?"

Simu ililazwa kifudifudi juu ya meza. Kisha Grégoire akaichukua, akaifuta video mbele ya macho yake, akamwonyesha mahali ilipokuwa, pamebaki peupe. Na kwa kuwa hakuwa mwongo, akamwambia na lingine: wengine walikuwa wameshaichukua, wameiweka kwao, na hizo hawezi kuzifuta.

"Basi twende ukabaambie kwa mudomo," Apolline akasema. "Pale kituoni. Weye ndiye banasikia."

*

Walishuka Base Camp saa tisa alasiri. Wenye pikipiki walimwona Grégoire kabla hajaweka mguu chini.

"Gré! Gré wa Kambi! Gré amekuja na mke wa Afande!"

Wakamzunguka, wengine wanampiga mgongoni, simu zimeshainuliwa. Grégoire akapanda juu ya tofali mbili. Alifuta macho kwa kiganja.

"Sikilizeni. Ile video nimeifuta. Ule ni babu yangu, anaumwa. Alipoteza mtoto vitani. Kamata si ya polisi, ni kushika. Alikuwa anasema mama ashike mtoto. Nawaomba muache, atakufa kwa maji."

Wakamtazama mdomo, wanangoja. Halafu mmoja akalipuka kwa kicheko. "Wee! Ameweka na machozi! Gré, wewe ni mbaya!"

"Sichezi!"

"Hachezi!" wakaitikia wote, wanashangilia, maana huyo mtu hawakuwahi kumwona akisema lolote ambalo halikuwa mchezo. "Afande amepoteza mtoto! Tumutafute mtoto! Twende!"

Na pikipiki zikawashwa. Zilikuwa kama kumi, honi zinalia, zinafuata njia ya kwenda nyumbani kwa Apolline, mbele yake, yeye na mjukuu wake wakikimbia nyuma katika vumbi. "Nyabo, usikasirike!" mmoja alimpigia kelele akipita. "Ni komedi tu!"

Godeberthe alikuwa amemfungia mzee ndani kwake, akaketi mlangoni na tasbihi. Alisema baadaye kwamba mzee alikuwa amelala kabisa, amekula vizuri, na aliposikia zile injini na zile sauti zote kwa pamoja, kamata, kamata, aliinuka kama kijana, akapita kwenye dirisha la mabanzi, akalichukua dirisha lenyewe mabegani.

Apolline alipofika alimwona keshavuka njia, anateremka ziwani. Hakuwa na godoro safari hii. Mikono ilikuwa mitupu, imenyooshwa mbele.

Ukingo ule ni tope jeusi, kisha mafunjo, kisha pengo ambapo wavuvi husukumia mitumbwi. Baudouin alipita kwenye pengo. Maji magotini, maji kiunoni. Wenye pikipiki walijipanga ukingoni, simu juu, na kati yao kicheko kilianza kupungua kwa wengine na kuongezeka kwa wengine. Hakuna aliyeingia majini. Grégoire ndiye aliyeingia, anapiga maji kwa mikono, anaita "Babu! Babu, ni mimi!"

Mzee akageuza kichwa. Aliona mwanamume mwenye nguvu anamjia mbio. Miaka yote ile alikuwa anawakimbia wanaume wa namna hiyo, basi akasonga mbele zaidi. Maji yakafika kifuani.

"Simama!" Apolline akamwambia mjukuu wake. "Simama pale pale, utamuua!"

Grégoire akasimama, akilia. Baudouin aliyumba, akakanyaga mahali pasipo na chini, akazama hadi kidevuni, akaibuka. Akageuka kutazama ukingo, ule msitu wa watu, vichwa na mikono iliyoinuliwa, anapekua uso mmoja baada ya mwingine. Akapaza sauti, na maji yakamwingia kinywani:

"Kamata mutoto!"

Wakacheka. Walikuwa wamelipata neno walilolifuata.

Apolline alikuwa amesimama kwenye tope hadi vifundoni. Jibu la neno lile lilikuwa moja tu, na alikuwa amelisema mara moja tu maishani. Alijua kwamba mzee atakaa majini mpaka alisikie. Alijua pia ni nani wanaosikiliza. Akajaza kifua, akaita kwa ile sauti ya kuitana kutoka kilima hadi kilima:

"Nimemukamata!"

Ukingo ulilipuka. Watu walipigana mabega. Walikuwa hawajawahi kusikia jibu tamu kama lile: mzee anaamuru polisi, na bibi kizee anaripoti kazi imekwisha. Mtu mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Baudouin alitulia. Alikuwa anamwona sasa, yeye peke yake. Akauliza, polepole, swali ambalo hakuliuliza siku ile ya kijito kwa kuwa watu walikuwa wengi na njia ilikuwa inakwenda:

"Bote babili?"

"Bote babili," Apolline akasema, akiinua vidole viwili.

Mzee akavuta pumzi, akaanza kutoka majini.

*

Video ya siku ile haikuwekwa na Grégoire. Iliwekwa na mtu wa Base Camp, na ilizishinda zote. Ilifika hata kwa watu wa Ulaya. Grégoire aliandika chini yake kila siku kwa wiki mbili, akieleza neno lile maana yake ni nini, na walimjibu kwa zile sura zinazotoa machozi ya kucheka. Akaacha. Anatengeneza simu tu sasa. Jumapili anakuja na sukari, anakaa kwenye kiti cha mbali, anamwita babu yake "muzee wangu" na kumpa mikono miwili akimsalimia. Hawataniani. Baudouin humwinamia Apolline sikioni, akauliza, "Ule kijana mwenye heshima ni wa nani?" Akiambiwa ni mjukuu wake, anakataa. Mjukuu wake, anasema, ana mdomo mchafu, na ni mwizi wa bibi za watu.

Kukimbia ameacha. Anaamka mapema, anatembea kwa ncha za vidole, na Apolline akigonga mwiko kwenye sufuria anaweka kidole mdomoni, anyamaze. Halafu anauliza kwa kunong'ona, "Mudogo analala muzuri?"

"Analala."

"Hajalia?"

"Hajalia."

Siku za soko wanakwenda pamoja, yeye na fimbo, mkewe na kapu. Wakipita kituoni hakuna siku inayokosa mtu. "Mke wa Afande! Umekamata?" Mwanzoni Apolline alinyamaza. Lakini aliona kwamba akinyamaza, Baudouin anasimama katikati ya njia, macho yanakwenda kwake, yanakwenda mgongoni kwake, yanakwenda barabarani.

Kwa hiyo anajibu. Anaweka kapu chini, anawageukia wenye pikipiki, na anasema kwa sauti, ili mzee asikie vizuri, kwamba amemkamata. Wanacheka. Baudouin akiwaona wamefurahi anafurahi naye, anawapungia mkono, na wao wanampigia saluti. Apolline anainua kapu.